Kabla Hujanunua Class 66 ya Mezani

Mpenzi wa treni anayeishi Uingereza haponi: lazima siku moja aitamani modeli ya Class 66. Ile halisi ni kichwa cha treni za mizigo, cha dizeli, kinachoonekana kila kona ya nchi. General Motors walianza kuzileta kutoka kiwanda chao cha Kanada mwaka 1998, kampuni ya treni za mizigo ya EWS ikaagiza 250 kwa mkupuo, na ya mwisho kabisa kuundwa, namba 66779, ikatoka 2016 ikiwa ya kijani. Ushauri wangu: usianze na kichwa, anza na mwaka unaotaka treni yako iuonyeshe.

Madukani rangi ndizo zinazowavuta watu. Ile ya EWS, damu ya mzee na dhahabu, inapendeza kweli, lakini inataka mabehewa ya makaa ya mawe nyuma yake. Biashara ya makaa imekwisha. Hata Ratcliffe-on-Soar, kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, kilizimwa Septemba 2024. Ukitaka treni ya leo, chukua ya bluu na machungwa ya GBRf, kampuni nyingine ya mizigo, uifungie makontena ya bandari ya Felixstowe. Mimi ni mtu wa makontena. Napenda kuona Maersk na MSC, yaleyale yanayopita Barabara ya Mandela pale Dar.

Modeli ya OO, uwiano wa 1:76, ina urefu wa sentimita 28 hivi na ekseli sita. Kwenye kona kali yenye nusu kipenyo cha milimita 438 itapita, ila pua itachungulia nje ya reli hadi uone aibu. Tandika ya 505 au zaidi.

Ukiitoa kwenye boksi ishike kwenye tangi la mafuta, si ubavuni, maana vile vishikio vyembamba vinang'oka upesi. Iache izunguke tupu nusu saa kila upande ndipo uifungie mzigo.

Halafu ichafue. Class 66 inayong'aa ni uongo mtupu! Tafuta picha ya kichwa halisi chenye namba ileile: masizi juu ya paa kuzunguka bomba la moshi, bogi (fremu zinazobeba magurudumu) zimekuwa kahawia kwa vumbi la breki, na kioo cha dereva kichafu chote isipokuwa pale waipa ilipofuta. Tumia poda ya rangi na brashi laini, uanze na bogi. Huko ukiharibu hakuna atakayegundua. Vanishi isiyong'aa huja mwisho, na vioo uvifunike kwanza, la sivyo vitaingia ukungu.

Dikoda ya sauti, ile chipu inayotoa mlio wa injini? Ghali, na spika ndogo vile haiwezi kunguruma kama injini halisi ya silinda 12. Pesa hiyo nunulia mabehewa.