Maswali na Majibu: Stesheni ya SGR Dar es Salaam Inavyofanya Kazi

Tangu treni za abiria za reli ya kisasa (SGR) zianze kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo, maswali kuhusu Stesheni ya Magufuli iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam hayajakoma. Nimechagua machache. Ya nauli nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa nauli hupangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na kutangazwa hadharani.

Kwa nini mchongoko (treni ya umeme isiyovutwa na kichwa) hugeuza haraka kuliko treni yenye kichwa? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Dar es Salaam ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo treni ya abiria inayoingia haina pa kuendelea. Ni lazima itoke kwa upande ule ule ilioingilia. Treni ya kichwa inapowasili, kichwa hujikuta kwenye ncha ya njia, mabehewa yakiwa nyuma yake. Ili safari ya kurudi ianze, kichwa hicho kinapaswa kufunguliwa na kuzungushwa hadi upande wa pili, au kichwa kingine kije kufungwa huko; kisha mipira ya upepo wa breki iunganishwe, na breki za treni nzima zijaribiwe kabla ya ruhusa ya kuondoka kutolewa. Mchongoko, ambao Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliagiza seti 10 zake kutoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini, kila seti ikiwa na mabehewa manane, una chumba cha dereva huku na huku. Upande mmoja unazimwa, wa pili unawashwa, na kinachobaki ni usafi na kupakia abiria. Mota zake nazo zimegawanywa chini ya mabehewa kadhaa badala ya kukusanywa katika kichwa kimoja, ndiyo maana hushika kasi upesi.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Njia ya stesheni inayokaliwa na treni moja kwa saa nzima huhudumia treni moja tu. Ikiachwa wazi kila baada ya dakika 20, huhudumia tatu, bila kumwaga hata ndoo moja ya zege. Jengo lenye umbo la tanzanaiti linapendeza, sibishi, lakini kwa maoni yangu uwezo wa stesheni hupimwa kwa muda ambao treni hukaa pale.

Kwa nini jiji moja lina stesheni kubwa tatu, na treni haziwezi kupita kutoka moja kwenda nyingine? (Msomaji, Temeke)

Kwa sababu reli zenyewe hazilingani upana. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ina milimita 1,067, ili mabehewa yake yaendelee bila kikwazo hadi Zambia na nchi za kusini mwa Afrika. SGR ina milimita 1,435. Gurudumu lililopimwa kwa reli moja haliwezi kukanyaga nyingine, na kule Kidatu, ambako Reli ya Kati hukutana na TAZARA, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Abiria naye hujihamisha mwenyewe: anayetoka Mbeya kwa TAZARA akitaka kuendelea Dodoma kwa SGR hushuka Barabara ya Nyerere na kutafuta daladala ya kuelekea mjini.

Reli ya zamani haijawa makumbusho, hata hivyo. Treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo wakazi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilianza kwa kutumia njia hizo hizo kongwe.

Umeme ukikatika, treni husimama? (Msomaji, Kibaha)

Kukatika kwa umeme mtaani kwako hakuigusi treni. SGR hupokea umeme wa msongo mkubwa kutoka Kinyerezi kwa njia yake maalumu, kisha vituo vya kupoozea vilivyopangwa kando ya reli huushusha hadi volti 25,000 zinazopita kwenye waya wa juu. Gridi ya Taifa ikizimika yote, hapo treni husimama kweli. Hitilafu nyingine hutokea kwenye waya wenyewe: Julai 2024 TRC ilieleza kuwa ngedere na bundi ndio waliosababisha hitilafu ya umeme njiani. Wengi walicheka, ingawa wanyama na ndege husumbua nyaya za reli katika nchi nyingi.

Nani huzuia treni mbili zisikutane njia moja? (Msomaji, Morogoro)

Waongozaji walio katika chumba cha udhibiti hupanga njia, na kompyuta hukataa amri yoyote inayogongana na njia iliyokwisha kutolewa. Dereva husoma kwenye skrini iliyo mbele yake mwendo unaoruhusiwa, ambao haupiti kilomita 160 kwa saa. Akizidisha na kupuuza onyo, mfumo hushika breki wenyewe.

Mbona sioni makontena pale stesheni? (Msomaji, Kariakoo)

Hayapiti kwenye majukwaa ya abiria. Mizigo hutoka bandarini hadi bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ili malori yasilazimike kuifuata katikati ya jiji.

Ungeanza kuboresha nini? (Msomaji, Mbagala)

Ningeanza nje ya mlango. Kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali, lakini abiria mwenye begi na mtoto mgongoni anahitaji njia ya miguu iliyoezekwa, yenye taa na vibao vinavyoonekana, pamoja na mabasi yanayopangwa kulingana na saa za treni za usiku. Treni ikishusha mamia ya watu kwa mara moja, basi moja baada ya nusu saa halitoshi, nao huishia kugombania bodaboda na teksi kwa bei ya kubahatisha.