Mkutubi mwenzangu Casanova, na swali ambalo sikujiuliza

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu aliweka picha kwenye status yake: miwani ya jua, shati vifungo vitatu wazi, na maneno chini yake, "Casanova wa Moro". Nikamwandikia palepale: "Unamjua huyo mtu?" Akanitumia vikatuni vya kucheka. "Mama mdogo, si yule mwamba wa warembo wa Ulaya?"

Nikaweka simu chini, maana nilikuwa na ugali jikoni. Lakini neno hilo halikunitoka. Mimi huyo mtu namjua. Nimekaa naye karibu miaka minane sasa, na kwa namna fulani ndiye aliyenisaidia kujisamehe.

Nijitambulishe kwa wageni. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari hapa Morogoro. Mwaka 2017 tuliletewa maboksi ya vitabu vya msaada. Ukishayafungua maboksi ya namna hiyo unakuta vya kemia vilivyopitwa na wakati, vya kupikia keki, na riwaya zisizo na majalada. Safari hiyo kulikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, kumbukumbu za maisha ya Giacomo Casanova zilizofupishwa. Nilisoma kurasa kumi nikaona kabisa hiki hakiendi kwenye rafu ya kidato cha pili. Nikajiandika kwenye daftari la waazimaji, nikaenda nacho nyumbani.

Wakati huo nilikuwa bado nalipa deni. Nitalifikia.

Casanova alizaliwa Venice, Italia, tarehe 2 Aprili 1725, wazazi wake waigizaji wa jukwaani, kazi ambayo wakubwa wa mji ule waliifurahia usiku na kuidharau mchana. Alilelewa na bibi yake. Alipokuwa mtoto alikuwa akitokwa damu puani bila kukoma, bibi akampeleka kwa mganga kisiwani Murano. Mganga akamfungia ndani ya sanduku, akafukiza madawa, akaimba maneno yake, kisha akamwonya kwamba akimwambia mtu yeyote atakufa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Nilidhani nasoma habari za Ulaya, kumbe nipo kijijini kwetu.

Lile sanduku na lile onyo vikumbuke, vitarudi.

Baada ya hapo aligusa kila kitu. Alisomea sheria Padua, akajaribu upadre (alipanda mimbarini kuhubiri akiwa ameshiba na kulewa, akasahau maneno, akaanguka), akawa askari, akapiga fidla kwa ujira mdogo. Mwaka 1746, akiwa na miaka 21, alimwona mzee mmoja wa baraza la Venice, Matteo Bragadin, akipatwa na kiharusi ndani ya mtumbwi. Tabibu akampaka mzee dawa ya zebaki kifuani. Casanova, ambaye hakuwa tabibu wa chochote, akaona mgonjwa anazidi kuungua, akaifuta. Mzee akapona.

Sasa angalieni kilichofuata. Mzee Bragadin alikuwa mpenzi wa elimu za siri. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: kijana mdogo kama wewe kujua haya, lazima una elimu isiyo ya kawaida. Casanova hakuwa amefikiria hilo. Alichofanya ni kukubali tu. Akasema ndiyo, anayo hesabu fulani ya siri inayojibu maswali. Akatoka kwenye umaskini siku ile, akawa kama mtoto wa nyumba ya tajiri.

Tunadhani matapeli wa mapenzi huja na uongo wao mfukoni. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa anakusikiliza, anachukua ndoto yako mwenyewe, anakurudishia ikiwa imepigwa pasi.

Juni 2016 nilikuwa natoka Dodoma kwa basi, nimekaa dirishani nasoma. Mwanaume wa kiti cha pembeni akaniuliza ninasoma nini. Swali dogo hilo, mimi ambaye watu huniuliza tu kama nina chenji ya shilingi elfu kumi! Safari ya masaa manne na ushee, na karibu yote niliongea mimi. Nilimwambia kazi yangu. Nilimwambia kwamba siku moja ningependa kuwa na duka dogo la vitabu karibu na stendi, lenye benchi nje, watoto wakae wasome hata kama hawana hela ya kununua. Sijawahi kumwambia mtu habari ya hilo benchi. Tulipofika Msamvu alikuwa anajua nitalipaka rangi gani.

Wiki ya tatu akalitaja. Hakusema "duka lako". Alisema "duka letu". Alichora rafu kwenye karatasi ya daftari, akaweka benchi nje, na juu ya benchi akachora turubai la kuzuia mvua. Mimi sikuwa nimewaza turubai. Nilikaribia kulia.

Mnajua hadithi inavyoendelea. Amepata fremu, pazuri, njia ya wapita kwa miguu. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima, laki na nusu kwa mwezi, na dalali naye ana chake. Nilikopa 1,900,000 kwenye kikoba chetu, walimu wenzangu wawili wakanidhamini. Akaniomba nisiseme kwanza, kwa sababu watu wana husuda, tutawashtukiza siku ya kufungua. Nikampa fedha mkononi. Baada ya siku tano simu ikawa haipatikani. Nilipokwenda kuitafuta hiyo fremu nilikuta saluni, na dada wa saluni akaniambia yupo pale mwaka wa nne na hana habari ya kuhama.

Nililipa miezi kumi na minne. Wenzangu wa kikoba waliniongezea muda, Mungu awabariki, ingawa kila siku ya marejesho nilitamani ardhi ipasuke.

Basi ukiwa katika hali hiyo, halafu usiku ukafungua kitabu ukakutana na mama mmoja wa Paris anayeitwa Marquise d'Urfé, lazima usimame.

Huyu mama hakuwa mjinga. Alikuwa tajiri, mjane, msomi, nyumbani kwake ana maktaba na maabara ya kutafutia siri za madini. Casanova alifikishwa kwake mwaka 1757 baada ya kumtibu mpwa wa mama huyo maumivu ya mguu kwa mchezo wa kuigiza: alimchorea nyota ya Sulemani pajani, yule kijana akapona. Mama akaamini kwamba amempata mtu. Na alikuwa na ndoto yake tangu zamani, kabla hajamwona Casanova: alitaka kuzaliwa upya akiwa mwanaume, kwa sababu aliamini mizimu wakubwa hawazungumzi na mwanamke. Fikiria mwanamke wa karne ya 18 mwenye akili zote hizo, milango yote ya elimu imefungwa mbele yake, anaota hivyo. Mimi siwezi kumcheka.

Casanova alimcheka, lakini pembeni. Mbele yake alisema inawezekana. Miaka ikapita, vito vikatoka, dhahabu ikatoka, safari zikalipiwa. Mwaka 1763, mjini Marseille, ikafanywa ile ibada kubwa ya kuzaliwa upya. Kulikuwa na sanduku la sadaka za thamani lililotakiwa kutupwa baharini. Kwa maelezo yake mwenyewe, sanduku lililozama lilikuwa la risasi, yale madini mazito yasiyo na thamani. Vitu vyenyewe vilibaki mikononi mwake. Yule mtoto wa Murano aliyefungiwa ndani ya sanduku na kuambiwa asiseme, sasa yeye ndiye mganga.

Anajitetea katika kumbukumbu zake kwamba yule mama asingeweza kuponywa ndoto ile, kwa hiyo kama asingemla yeye angemla mwingine. Hoja hiyo niliisoma mara tatu. Halafu anaandika kwamba mama huyo alifariki mwaka ule ule wa 1763. Uongo: aliishi hadi 1775. Amemzika kwenye karatasi miaka kumi na miwili kabla ya wakati wake. Nadhani hakutaka msomaji aulize ilikuwaje baadaye, alipogundua.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa dada yeyote anayesoma hapa na ana mtu "mzuri mno", ni swali moja ambalo mimi sikujiuliza ndani ya basi lile wala baadaye: hii ndoto, nani aliitaja kwanza? Kaa chini, kumbuka. Kama kila anachokuahidi kilitoka kinywani mwako wiki mbili zilizopita, hujapata mtu anayekufahamu sana. Umepata mwenye masikio makali. Anaweza kuwa mtu mwema pia, wapo wanaosikiliza kwa upendo. Lakini hapo sasa mtazame yeye: ana ndoto gani ya kwake? Mimi hadi leo siwezi kukuambia yule mwanaume alitaka nini maishani. Sikumuuliza, na yeye hakujisemea.

La pili, taja kiasi. Usiseme "kuna biashara naiwaza", sema "milioni moja na laki tisa", mwambie mtu ambaye hana sababu ya kukufurahisha. Kwangu angekuwa kaka yangu, mkali kama pilipili kichaa, ningemwambia jioni ile asubuhi angekuwa kwenye ile saluni. Ndiyo maana niliombwa nisiseme. Mtu anayekupenda kweli anaweza kukuomba siri ya mahaba. Siri ya hela hapana. Na sanduku lifungue mwenyewe kabla halijatupwa baharini: nenda kwenye fremu, ongea na mwenye nyumba, ushike funguo.

Sitaki kusema kwamba sikufurahi miezi ile. Nilifurahi. Wanaokuja kukushauri baada ya kutapeliwa hudhani ulikuwa unateseka muda wote, na hilo linakufanya uone aibu maradufu. Kulikuwa na mwanamke mwingine kwenye maisha ya Casanova, Mfaransa anayemwita Henriette, waliishi pamoja Parma kama miezi mitatu mwaka 1749. Ndiye aliyempenda kuliko wote, na ndiye aliyeondoka mwenyewe, kwa siku aliyoipanga mwenyewe, tena akamwachia fedha. Katika chumba cha hoteli Geneva alichora kwa almasi kwenye kioo cha dirisha kwamba na Henriette naye utamsahau. Namwonea wivu huyo dada. Alikula raha yake akaondoka na mkoba wake.

Sasa wewe, mwanangu, Casanova wa Moro.

Unachokipenda ni ule utorokaji wake gerezani, najua, maana hata mimi niliupenda. Julai 1755 walimkamata Venice wakamweka kwenye jela ya juu kabisa ya ikulu, chini ya mabati ya risasi yanayochemka kiangazi. Akanoa kipande cha chuma, akachimba sakafu, na zikiwa zimebaki siku chache wakamhamishia chumba kizuri zaidi, kwa huruma! Akaanza upya. Chuma akakipenyeza kwa padri mfungwa wa chumba cha jirani ndani ya Biblia kubwa, juu ya Biblia amebebesha sahani ya tambi zinazoelea siagi ili mlinzi atazame sahani asitazame kitabu. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 1756, wakatokea darini. Ni hodari, sikatai.

Lakini kitabu hicho hicho kina usiku mwingine. Wakati wa kanivali, yeye na wenzake saba walimkuta mfumaji kilabuni na mkewe, wakajifanya maofisa wa serikali, mume wakamtupa kwenye kisiwa cha jirani, mke wakabaki naye. Wanane kwa mmoja. Anausimulia kama utani wa vijana. Na Urusi alimnunua binti kwa rubli mia, mtoto bado, akampa jina alilotaka yeye. Neno tulilonalo leo kwa mambo hayo unalijua, na hatulipambi na miwani ya jua.

Hata hesabu yenyewe uiangalie. Wanawake wanaotajwa wanapita mia. Waliokuwepo mwisho ni wangapi? Mwaka 1785, akiwa na miaka sitini, amefukuzwa Venice mara ya pili, mkabaila mmoja, Waldstein, akamwajiri kutunza maktaba ya ngome yake huko Dux, Bohemia (Jamhuri ya Cheki ya leo). Mji mdogo, baridi, lugha yao haijui. Watumishi walimcheka kwa mavazi ya kizamani na kuinama kwake kama mcheza dansi. Rafiki yake mmoja ameacha maandishi kwamba haikupita siku bila ugomvi, mara kahawa, mara maziwa, mara sahani ya tambi aliyodai apikiwe. Hapo ndipo alipoanza kuandika, masaa kumi na matatu kwa siku, kama anavyosema katika barua yake mwenyewe. Alifariki Juni 4, 1798, na simulizi imekatika mwaka 1774, kabla ya uzee. Kurasa hizo, kama 3,700, alibaki nazo mume wa mpwa wake. Mwaka 2010 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilizinunua kwa zaidi ya yuro milioni saba.

Kama mkutubi nakiri ni kitabu kikubwa. Mtu aliyewasikiliza watu maisha yake yote alijua kuwaandika. Ninachojiuliza kila nikikifungua ni kile ambacho Marquise d'Urfé angeandika kama naye angekaa chumbani masaa kumi na matatu.

Jumapili kijana alikuja kula, nikampa kitabu. Akakitazama unene, akasema, "Mama mdogo, hakuna video yake?" Nikamwandika kwenye daftari kama mwazimaji mwingine yeyote, siku kumi na nne. Leo ni siku ya kumi na tisa. Status ameibadilisha, ameweka gari la mtu.