Barua kwa mwanangu: kuhusu gari la mjomba wako

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unauliza jambo moja tu: yule mkusanyaji wa magari anayeitaka Mazda aliyokuachia mjomba wako, umuuzie sasa, au uifungie gereji ungoje bei ipande zaidi. Mambo ya bei waulize wanaoyajua. Mimi nitakujibu kuhusu uzima wa gari lenyewe, maana naona katika maelezo yako yote hakuna mtu aliyekuuliza hilo.

Sifa zake nazijua. RX-7 ya toleo la mwisho, Spirit R ya mwaka 2002, yaliyotengenezwa 1,500 tu na kuuzwa Japani peke yake. Viti viwili, kijivu kile cha titani, na kilomita chache hata mnunuzi anashuku dashibodi imechezewa. Yote kweli. Lakini kilomita chache ni sifa ya kwenye karatasi. Gari ni la kwenda. Nimelisema hili mezani tangu hujaanza shule, na kila nilipolisema mjomba wako alikuwa akiinuka na kuondoka. Safari hii hawezi kuinuka, basi nitalisema mpaka nimalize.

Injini ile haina pistoni. Mna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na kwenye kila ncha kuna sili nyembamba, kipande cha kuziba mwanya, inayosugua ukuta muda wote. Injini yenyewe huchoma oili kidogo, imeundwa hivyo makusudi, ili sili zisiende kavu. Gari likilala miezi na miezi oili inateremka, unyevu unaingia, sili zinaganda kwenye mifereji yake. Nje unaona rangi inang'aa, ndani hujui.

Siku baba yako alipolisogeza ulikuwa mdogo, lakini kisa umekisikia, walau upande wake. Lori la makabati lilitaka kuingia, mjomba wako yuko bafuni. Baba yako, kwa nia njema kama kawaida yake, akachukua ufunguo, akaliwasha, akalirudisha nyuma hatua chache, akalizima. Kwa gari jingine lolote huo ni wema. Injini ya rota ukiiwasha ikiwa baridi na kuizima kabla haijapata moto, petroli nyingi inabaki ndani bila kuchomwa, inaosha oili ukutani na kulowesha plagi. Jioni mjomba wako alipopiga stata, injini ikazunguka haraka haraka, nyepesi, bila kushika, na harufu ya petroli ikafika jikoni.

Hakumwambia baba yako neno. Ingekuwa afadhali angemfokea. Alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kila moja na mahali pake, akaniita nikae kwenye usukani nipige stata huku yeye akiangalia petroli inavyotemwa kwenye matundu. Akazifuta, akazikausha, akazirudisha. Liliposhika, moshi ulijaa ua mzima. Na likishashika hivyo hulizimi tena, lazima lipate moto sawasawa, na moto wenyewe ni wa barabarani. Alinitazama kama mtu aliyenaswa. "Ingia," akasema.

Mwanangu, gari hilo nilikuwa nimelipangusa vumbi miaka yote ile na sijawahi kukaa humo likitembea. Alianza polepole, macho kwenye mshale wa joto. Uliposimama pale alipoutaka, akakanyaga. Lina turbo mbili, za kuisukumia injini hewa, zinazopokezana: ya kwanza inavuta mapema, ya pili inaingia mizunguko ya injini ikifika kama 4,500 kwa dakika, na hapo ndipo nilipobanwa kwenye kiti nikasahau nilichokuwa nataka kusema. Halikunguruma, lilivuma, likapanda, likazidi kupanda, mpaka kikengele kikalia kumwambia abadilishe gia. Na mjomba wako akacheka! Yule yule ambaye kwenye picha zetu zote amekaa kama anapigwa ya pasipoti. Akaanza kunisimulia mbio za saa 24 za Le Mans za 1991, Mazda 787B na rota zake nne, gari la kwanza la Kijapani kushinda pale, anasimulia utadhani yeye ndiye aliyekuwa akibadilisha matairi.

Tukarudi. Akaliacha likapoa kidogo linawaka, akalizima, akachukua lile daftari la bluu ulilolikuta kwenye droo. Litafute, utaona. Kwenye safu ya sababu ya safari ameandika "ukaguzi", "bima", "matairi". Siku ile ameandika "bila sababu". Nilimwona akiandika, nimesimama mlangoni, mikono bado inatetemeka kwa raha. Baba yako anasema kaka yangu alikuwa anaandika habari za gari, si zangu. Labda. Lakini katika daftari zima hakuna mahali pengine ninapohusika.

Haya, sasa nijibishane mwenyewe. Angeliendesha kama nilivyotaka, leo usingekuwa na mkusanyaji mlangoni. Zile kilomita alizojinyima ndizo alizokuachia wewe, na mimi nikikaa hapa kuzibeza ni kama naubeza urithi wako. Tena lazima awepo mtu wa kutunza moja jinsi lilivyotoka kiwandani, ama sivyo watakaokuja watajua wapi lilivyokuwa? Nakubali. Nusu nakubali. Maana huo mpango wako wa kungoja bei nao una mashaka: matairi yanazeeka hata yasipotembea (soma zile namba nne ubavuni, juma na mwaka yaliyotengenezwa), mafuta ya breki yananyonya unyevu, mipira inakauka, bima unalipa. Unangoja bei ipande huku gari lenyewe linashuka. Gari ni la kwenda, nimekwisha sema.

Kwa hiyo kabla hujamjibu huyo bwana, tafuta fundi wa injini za rota, si fundi wa kila kitu, apime kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, kwa kipimo cha rota. Kipimo cha kawaida kitakupa namba moja iliyo kubwa na kuzificha nyingine. Kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo unataka namba sita kwenye karatasi. Zikiwa nzuri na zinakaribiana, una gari. Zikiwa mbovu, mkusanyaji anaweza kulitaka vilevile, maana yeye ni wa kutazama, lakini utakuwa unajua unauza nini, na yeye atajua ananunua nini.

Uuze au uweke? Ulimi unaniwasha. Hapa nilikuwa nimeandika jibu, nikalikata kwa wino; ukiinua karatasi kwenye mwanga utalisoma, kwa hiyo usiinue. Mjomba wako aliandika jina lako, hakuandika langu.

Ila ukienda kwa fundi, badilisha matairi na mafuta ya breki kwanza, halafu nenda ukiliendesha mwenyewe. Usilipakize kwenye lori. Baba yako anakusalimu, na anasema yuko tayari kuja kukusaidia kulitoa gereji. Mkatalie kwa adabu.

Mama yako