Majalada 14, Yote Mekundu

Juzi saa tano usiku simu ililia: "Kaka, nimeliona jalada lako la kwanza. Wewe ndiye wa kunipa mimi namba 11?" Nikacheka. Halafu sikulala.

Kundi letu la waandishi lilishindanisha majalada, sharti moja tu, rangi kuu iwe nyekundu. Yakaja 14, nami nikapewa ujaji. Wengi walidhani kazi ni nyepesi kwa kuwa rangi ni ile ile. Wapi! Wote wakivaa sare, ndipo unapoona nani kapiga pasi. Rangi haimbebi mtu tena, yanabaki mwanga na giza, herufi, na nafasi uliyoiacha wazi.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuzigeuza picha zote kuwa nyeusi na nyeupe. Jalada la huyu ndugu aliyenipigia simu lina herufi za kijani juu ya nyekundu. Kwenye rangi zake linapigapiga macho kama taa za harusi. Nilipoondoa rangi, kijani na nyekundu vikawa kijivu kimoja na jina la kitabu likazama lote. Namba 11 ilikuwa huruma.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata, na jalada alilolitaja ni la kweli. Mwaka 2018 nilibuni jalada la riwaya yangu mwenyewe, kwenye kompyuta ya kuazima: wekundu wa pilipili, na kivuli cheusi cha mwanamke kabeba ndoo kichwani, mikono yote miwili juu. Mpiga chapa wa Kariakoo akaniuliza, "Umebadilisha kwenda rangi za wino?" Nikamjibu, "Wewe chapa tu." Kiburi cha mwandishi mpya, jamani! Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga. Mtambo unachanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na ule wekundu unaowaka kwenye kioo wino hauufikii. Nakala 300 zikatoka damu ya mzee. Ndoo, niliyoipaka wekundu uliokolea kidogo tu kuliko wa nyuma yake, ikamezwa. Shangazi akakishika kitabu, akakisogeza mbali na macho, akauliza, "Huyu mama anakamatwa kwa kosa gani?"

Nikakipeleka kwenye shindano la wakati ule hivyo hivyo. Jaji mmoja aliandika mstari mmoja: "Jalada la mtu asiye na hela." Kweli sikuwa nazo. Lakini jamani, ndivyo mtu anavyoandikiwa? Vitabu vyangu viwili vilivyofuata vimeisha vyote, na huyo jaji sijawahi kumsikia akivitaja.

Basi ndugu zangu, ombeni sampuli iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe ya jalada. Punguzeni picha iwe ndogo kama stempu, maana mnunuzi wa leo anaiona kwanza kwenye simu. Na sampuli, narudia, sampuli. Msione aibu kumsumbua mpiga chapa.

Wala msiisingizie rangi. Penguin, wachapishaji wa vitabu wa Uingereza, ilianza mwaka 1935 kwa kupanga vitabu kwa rangi, chungwa kwa riwaya, kijani kwa upelelezi. Rafu nzima ya chungwa, na mtu alikiona anachokitaka, kwa kuwa majina yalikaa kwenye mkanda mweupe katikati. Jalada nililolipa namba 1 lilifanya kitu kama hicho: mlango mwekundu uliofungwa, na chini yake mstari mwembamba wa mwanga. Basi. Unataka kujua nani yuko ndani.

Wiki iliyopita nilipita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta. Katikati ya rundo nikauona mgongo wa kitabu changu, jua limeuchujua hadi umekuwa waridi. Nikauliza bei. "Hicho cha pinki? Elfu mbili." Nilikuwa nakiuza elfu kumi na tano. Muuzaji akakifuta vumbi kwa kiganja, akaligeuza jalada kulitazama, akanipunguzia mia tano bila mimi kuomba.

Nimekinunua. Kipo mezani hapa ninapoandika. Ndugu yangu wa namba 11, kesho nakutumia picha yake, nami nipe namba utakayo.