Hedifoni za waya: anza na kipira kabla hujalaumu sauti

Kama unatafuta hedifoni za kuchomeka masikioni na hela yenyewe ni ya mawazo, nunua za waya. Hazidai chaji, hazidondoki upande mmoja chini ya siti ya daladala ya Buhongwa, na kwa bei ileile mara nyingi zinakupa sauti safi zaidi, kwa sababu pesa yako haikugawanywa na betri na Bluetooth. Isitoshe, kwenye simu nyingi zenye redio ya FM, huo waya ndio antena. Unachomeka, unasikiliza mpira au taarifa ya habari ya Radio Free Africa, na bando lako linabaki salama.

Ila kununua ni mwanzo tu. Watu wengi hapa Mwanza wananiambia hedifoni zao hazina besi, na nikiziangalia nakuta hazina ubaya wowote. Shida ni vile vipira vya silikoni vinavyoingia kwenye tundu la sikio. Spika iliyomo ndani ni ndogo mno, mara nyingi ina upana wa milimita 6 hadi 10, na kazi inayoiweza ni kusukuma ile hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo, hata mwembamba namna gani, mdundo wa chini wote unavuja. Unabaki na sauti kali ya juu inayochosha, halafu unaenda dukani kutafuta nyingine ya bei kubwa, nayo unaivaa vilevile.

Boksi huja na vipira vya saizi tatu. Ya kati imeshavalishwa, na zile mbili nyingine kwa kawaida hutupwa pamoja na boksi. Usizitupe, zijaribu zote. Usishangae pia sikio la kulia likitaka kubwa na la kushoto likitaka ya kati; masikio ya mtu mmoja hayalingani sana, na yangu ni hivyohivyo. Unapovaa upande wa kulia, pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza hedifoni taratibu, kisha achia. Kelele za nje zikishuka ghafla, na sauti yako mwenyewe ukiongea ikawa nzito kichwani, ujue imeziba.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya afya ya masikio. Panda kivuko cha Kamanga ukae karibu na injini, utaona vijana wamepandisha sauti hadi mwisho ili kushindana na ule mngurumo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kipira kikiziba vizuri, mngurumo unapungua wenyewe na huna sababu ya kupandisha. Ukishuka mjini, toa hedifoni kabla ya kuvuka Barabara ya Kenyatta. Bodaboda hutaisikia.

Tuje kwenye sauti yenyewe. Namba za kwenye boksi zisikubabaishe. Hezi 20 hadi 20,000 zimeandikwa kwenye la elfu tano na la laki moja vilevile, kwa kuwa hayo ndiyo masafa ya sauti, kutoka nzito hadi nyembamba, ambayo sikio la binadamu husikia. Omu 16 au 32, yaani ukinzani wa umeme wa spika, simu yoyote inaendesha bila taabu. Kipimo cha kweli ni masikio yako. Pale Makoroboi muuzaji atataka akuchezee singeli kwa sauti ya juu. Mwombe kwa adabu uchomeke kwenye simu yako. Weka wimbo wa dansi unaoufahamu hadi mwisho, wenye magitaa zaidi ya moja. Sebene likianza, solo, ridhimu na besi kila moja lisikike mahali pake, usilazimike kulitafuta. Halafu weka mtu anayeongea tu, msomaji wa habari kwa mfano. Herufi s na sh zikichoma sikio, iache hata kama besi imekufurahisha, kwa sababu baada ya saa moja utakuwa umeshaivua. Mimi huchagua hedifoni yenye besi ya wastani ambayo mwimbaji wake hafunikwi.

Kuhusu starehe, maumivu ya safari ndefu, tuseme usiku mzima melini kwenda Bukoba, mara nyingi yanatokana na kipira kikubwa kupita kiasi au ukingo wa ganda unaosugua nje ya tundu. Vipira vya sponji ni laini zaidi, ila huchakaa mapema. Waya ukiupitisha juu ya sikio, zile kelele za waya kusugua shati zinapungua sana.

Usafi nao usiusahau. Ndugu yangu yuko Mwaloni, Kirumba, kwenye dagaa, na vumbi la pale huziba kile kiwavu cha mbele pamoja na nta ya sikio. Upande mmoja ukififia, vua kipira, elekeza kiwavu chini na ukisugue taratibu kwa mswaki mkavu. Usikichokoe kwa sindano.

Ubora wa umbo usiupime kwa ganda la chuma linalong'aa. Angalia shingo mbili: waya unapoingia kwenye pini na unapogawanyika kwenda masikioni. Hapo ndipo hukatika. Pawe na mpira laini unaopinda kidogo kidogo, na pini iliyojikunja pembeni hudumu zaidi mfukoni. Ukipata yenye waya unaoweza kuuchomoa na kuuchomeka tena kwenye spika, ongeza pesa uichukue, maana utabadilisha waya peke yake.

Ikikatika kwenye pini, fundi simu anaweza kuiokoa. Ndani kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa rangi, mara nyingi nyekundu ni ya kulia, kijani au bluu ya kushoto. Rangi hiyo ni kizuizi cha umeme, lazima aiunguze kwanza ndipo risasi ya kuunganishia ishike. Asipofanya hivyo itakuwa ikikata-kata. Kabla hujalipa, weka wimbo. Mwimbaji anapaswa kusikika katikati ya kichwa. Akisikika ametawanyika pembeni, na besi imekufa ilhali pande zote zinaongea, basi nyuzi za upande mmoja zimegeuzwa. Mwambie fundi azigeuze hapohapo.