Gari dogo halifai kwa njia ya Racetrack Playa
Ndugu yangu, kwa kuwa umeuliza kama gari dogo la kukodi litafika Racetrack Playa, lile ziwa kavu ndani ya hifadhi ya Death Valley huko California, Marekani, nakusihi usijaribu. Kutoka lami inapoishia karibu na kreta (shimo la volkano) ya Ubehebe hadi huko ni takriban kilomita 43 za changarawe yenye mawe makali, na matuta madogo yaliyojipanga kama bati hulitikisa gari mpaka nati zinalegea. Kinachowakwamisha wengi ni tairi. Mimi nilipata pancha kabla ya kufika njia panda ya Teakettle Junction, pale penye mabirika yaliyotundikwa kwenye kibao, na jeki ikawa inazama kwenye changarawe hadi nilipoitandikia kipande cha ubao. Chukua gari lililoinuka, lenye matairi magumu na spea ya ukubwa kamili, kwani ile nyembamba ya muda haivumilii mawe hayo. Mtandao wa simu haupo, kwa hiyo mweleze mtu saa utakayorudi, beba maji ya kutosha, na gari likikwama usiliache ukaondoka kwa miguu, hasa majira ya joto.