Chagueni Kitabu Mtakachobishania

Swali la wiki hii lilituuliza hivi: kundi la wasomaji likitaka riwaya moja ya upelelezi ya zamani, yenye fitina za kisiasa ndani yake, lichague ipi? Jibu langu ni The Daughter of Time, yaani "Binti wa Wakati", aliyoitoa Josephine Tey wa Uskoti mwaka 1951. Sidai kwamba ndiyo riwaya bora kupita zote za aina hii. Nadai kwamba ndiyo inayolifaa kundi, na hayo ni mambo mawili mbalimbali, ingawa ilinichukua muda kuyatenganisha.

Kundi letu la watu tisa lilianza na kitabu kilicho bora zaidi, Il giorno della civetta, yaani "Siku ya Bundi", cha Leonardo Sciascia, kilichotoka mwaka 1961. Mwanzo wake haunitoki akilini. Ni alfajiri katika mji mdogo wa Sicily. Basi li tayari kuondoka, mtu mwenye suti nyeusi analikimbilia, na anapokanyaga kidato cha mlango risasi mbili zinalia, naye anaanguka. Abiria wanateremka mmoja mmoja na kuyeyuka. Muuza vitafunio, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, anapopatikana na kuulizwa ni nani aliyepiga risasi, anajibu kwa mshangao: kwani, kuna risasi zilizopigwa? Mpelelezi, Kapteni Bellodi, mgeni kutoka Parma kaskazini mwa Italia, anaufuata uzi hadi anawagusa wakubwa, na huko Roma watu wanaanza kukosa usingizi. Mwishowe kesi inasambaratishwa na mashahidi wenye heshima zao, wakati yeye yuko likizo kwao.

Tulipokutana kukijadili, sote tulikuwa upande mmoja. Hazikupita dakika ishirini tukawa tumekwisha kukubaliana kwamba wenye nguvu hulindana, tukatikisa vichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye habari za kazi na watoto. Kosa halikuwa la Sciascia. Riwaya inayoonyesha uovu wa watawala kwa ustadi namna ile humwachia msomaji hasira na huzuni, lakini haimwachii la kubishania, na wasomaji tisa wenye huzuni moja hawana haja ya kukutana. Baadaye mwenzetu mmoja alipendekeza Il nome della rosa, yaani "Jina la Waridi", ya Umberto Eco, ya mwaka 1980, ambamo vifo vya watawa mwaka 1327 vinatokea chini ya kivuli cha ugomvi wa Papa na Kaisari. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana, ila mwandishi mwenyewe alikiri kwamba kurasa mia moja za mwanzo ni kama kitubio, nami nikaona watu wanaosoma usiku baada ya kazi wasianzishiwe kwenye kitubio.

Ndipo tukamfikia Tey. Mpelelezi wake, Alan Grant wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, amevunjika mguu na amelazwa chali hospitalini, hana la kufanya ila kuhesabu nyufa za dari, hadi rafiki yake mwigizaji anapomletea picha za nyuso za watu wa kale. Uso mmoja unamkamata: anadhani ni wa hakimu au mtu aliyezoea kubeba dhamana kubwa. Anapogeuza picha anasoma kwamba huyo ni Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza anayesemwa kuwa aliwaua watoto wawili wa kaka yake katika Mnara wa London. Kuanzia hapo hadi mwisho Grant hatoki hospitalini. Waliozoea Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla watamtambua mara moja mpelelezi wa namna hii, asiyekimbizana na mtu bali anayekaa na kupambanua, isipokuwa huyu wa sasa hana hata uhuru wa kusimama.

Fitina yenyewe inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo roho ya kitabu. Edward wa Nne alifariki mwezi Aprili 1483, akamwachia kiti mwanawe wa miaka 12, chini ya uangalizi wa Richard, ndugu wa marehemu. Kabla mtoto hajatawazwa, ilitangazwa kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa batili, kwa kuwa baba alikwisha kumpa mwanamke mwingine ahadi ya ndoa. Hivyo watoto hawakuwa halali, na Richard akavikwa taji mwezi Julai. Mwaka 1484 Bunge likayathibitisha hayo kwa sheria. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Agosti, Richard akauawa vitani Bosworth, na mshindi, Henry Tudor, aliyekitwaa kiti, akaamuru sheria ile ifutwe bila kusomwa na nakala zake ziteketezwe.

Kwa nini isisomwe? Hapo ndipo wasomaji wetu walipoinuka kwenye viti vyao. Henry alitaka kumwoa Elizabeth, dada wa wale watoto, ili aunganishe koo mbili zilizokuwa zikipigana, na kwa hiyo alihitaji Elizabeth ahesabiwe kuwa mtoto halali. Lakini akimhalalisha dada amewahalalisha na kaka zake, na hao, kama wangali hai, haki yao ya kiti inaitangulia ya kwake kwa mbali. Richard, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuwaondoa katika urithi kwa sheria. Grant anauliza swali la kipolisi tu: nani alinufaika na kifo chao? Jibu lake ni Henry, si Richard. Anamgeukia pia Thomas More, ambaye kitabu chake ndicho chimbuko la sifa mbaya za Richard, na kukokotoa umri wake. More alizaliwa mwaka 1478. Mambo yalipotokea alikuwa na miaka mitano, na baadaye alilelewa nyumbani kwa John Morton, adui wa Richard aliyekuja kuwa Askofu Mkuu chini ya Henry. Shahidi tuliyemsadiki maisha yetu yote anabaki kuwa msimulizi wa maneno ya watu.

Sasa sikilizeni sababu yangu ya kweli ya kukichagua. Kitabu hiki kinaweza kushindwa, na wanaoweza kukishinda ni wasomaji wenyewe. Mwenzetu mmoja, mwanasheria mstaafu, alikuja na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akatuambia kwamba Grant angekuwa wakili asingeupata ushindi huo kirahisi. Kwanza, uso uliomvuta ni wa picha ambayo nakala yake mashuhuri, iliyoko National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri mjini London, ilichorwa mwishoni mwa karne ya 16, yaani karibu miaka mia baada ya mwenye uso kufa. Pili, Grant anashikilia kwamba uvumi wa mauaji wakati wa uhai wa Richard ulisambazwa na maadui zake, Morton hasa. Lakini Dominic Mancini, Mwitalia aliyekuwapo London mwaka 1483 na aliyeandika kabla mwaka huo haujaisha, anasema aliwaona watu wazima wakitokwa na machozi yule mtoto aliyeachiwa kiti anapotajwa, na kwamba dhana ya kuwa ameuawa ilikuwapo tayari. Mancini aliondoka Uingereza mwezi Julai. Morton alikuwa kifungoni tangu Juni, kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba ndiye aliyeusambaza uvumi huo. Maandishi ya Mancini yalichapishwa mwaka 1936, miaka 15 kabla ya riwaya, na bado Grant hamtaji. Mpelelezi anayewalaumu wanahistoria kwa kumeza hadithi ya upande mmoja naye ametuletea hadithi ya upande mmoja.

Mabishano yaliyofuata yalikula mikutano miwili mizima. Mwingine alikumbusha kwamba mifupa ya Richard ilifukuliwa Leicester mwaka 2012, chini ya maegesho ya magari, na uti wa mgongo ukakutwa umepinda kwa upande, jambo linalomfanya More, aliyeandika kwamba Richard alikuwa na kibiongo, asiwe mwongo mtupu. Hakuna kati ya haya yaliyohitaji usomi. Yalihitaji tu mtu kukataa kumwamini mpelelezi anayempenda. (Chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kiliiweka riwaya hii namba moja katika orodha yake ya mwaka 1990, lakini ningewaomba msiichague kwa sababu hiyo. Tulikwisha kuchagua kwa kufuata orodha, na tulijuta.)

Yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo. Majina yanachosha: akina Edward na akina Richard ni wengi mno, na bila nasaba iliyochorwa kwenye ukurasa mmoja na kugawiwa mapema, nusu ya kundi itapotelea njiani kabla ya sura ya nne. Jingine ni ile picha. Izungusheni kabla mtu hajafungua kitabu, jina likiwa limefunikwa, na kila mmoja aandike anachokiona. Katika riwaya muuguzi anaona ugonjwa wa ini na sajini anaona hakimu. Kwetu mmoja aliandika "mgonjwa", mwingine "mhasibu aliyepoteza hesabu", na mwanasheria wetu akaandika kwamba hasomi nyuso.

Mwishoni tulipiga kura juu ya hatia ya Richard. Wanne walimwachia huru, wanne wakamtia hatiani, na wa tisa alikataa kuinua mkono mpaka amsome Mancini mwenyewe. Bado tunamsubiri.